Mnazi wa Diego Garcia

Mambo yaliharibika Jumatatu, tarehe nane Novemba, mwaka wa 1965. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka mitano hapa mtaa wa Shika Adabu, Likoni, nina kaptura moja na kamasi mbili, na hakuna mkubwa yeyote aliyekuja kunipa habari. Siku hiyo, huko London, mabwana walitia saini karatasi, wakavitenga visiwa vya watu katikati ya bahari kama mtu anavyojitengea kinofu kwenye sinia la wenziwe, wakavibandika jina jipya. Mke wangu alikuwa hajazaliwa. Alizaliwa mwaka uliofuata, kwenye kimojawapo cha visiwa hivyo, bila kuwaomba ruhusa. Hilo ndilo kosa lake la kwanza na hawakumsamehe mpaka amekufa.

Kwa kuwa shule niliiacha darasa la nne, na nyinyi mlioimaliza hamkufundishwa haya, nitawapa jiografia kidogo. Simama ufuoni hapa Likoni, uso uelekee mashariki. Nenda. Ipite Shelisheli. Nenda mpaka uchoke, kisha ongeza nusu ya hapo ulipochokea. Ni kilomita elfu tatu na mia sita na ushei, kwa hesabu ya simu ya karani mmoja aitwaye Kefa, ambaye mtamwona mbele. Hapo utakuta vijisiwa kama sitini, vyembamba, vimejipanga kwa duara saba. Kila duara ni ukingo wa matumbawe, na ndani yake bahari imetulia kama mchuzi ndani ya bakuli. Hivyo ndivyo visiwa vya Chagos. Kikubwa chao ni Diego Garcia, na kwenye ramani kimekaa kama unyayo wa mtu aliyekanyaga tope akapita. Mwenye mguu hajulikani. Wanaoudai unyayo ni wengi.

Mreno alivipita, akavipa majina, akaenda zake. Mfaransa akaleta watumwa kutoka Msumbiji na Bukini, yaani Madagaska, akawaambia pandeni minazi, wakapanda. Kisha Mwingereza akampiga Mfaransa vitani huko kwao Ulaya, na kwa kuwa alishinda akapewa visiwa, minazi na watu wake, vyote katika furushi moja. Utumwa ulipopigwa marufuku watu wakaambiwa hongereni, sasa nyinyi ni vibarua. Nyapara akabaki yule yule na nazi zikabaki zile zile. Mwanamume afue nazi mia tano kwa siku, mwanamke avunje elfu moja na mia mbili. Nimekuwa mkwezi wa minazi miaka arubaini na nazi nazijua, kwa hiyo nawaambia kama mtu wa kazi: huo si ukibarua.

Baada ya ile karatasi ya 1965 Mmarekani akasema anataka Diego Garcia aweke kambi ya vita, ila anakitaka kisiwa kimefagiwa. Mwingereza ni mtu wa adabu, mgeni akitaka pafagiwe hufagia. Akaanza na mbwa. Waliwafungia kwenye banda la kukaushia mbata wakawatia moshi wa magari, na watoto walikuwa nje wanasikia. Kisha wakafagia watu. Na ili isije ikaonekana kuna watu waliofagiwa, waliandika kwamba huko hakuna wenyeji, kuna vibarua wa kupita tu. Vibarua wa kupita waliokuwa na kanisa, na makaburi ya babu za babu zao.

Roseline alikuwa na miaka mitano walipompakia melini, yeye na mama yake. Farasi wa meneja walipewa nafasi juu, penye hewa. Watu walishushwa chini, wakalala juu ya mbolea ya mavi ya ndege. Walipofika Shelisheli walilazwa gerezani, kwani nyumba nyingine hazikuwa tayari, kama ambavyo nyumba hazikosi kuwa tayari anapokuja mtu maskini. Roseline alikuwa akilisimulia hilo anacheka. "Mimi nishafungwa, Matano," akiniambia, "kabla sijang'oka jino la kwanza."

Mama yake akaolewa na mpishi wa meli iliyokuwa ikija Kilindini. Mpishi akawaleta Likoni mwaka wa sabini na tatu, akawapangia chumba, akarudi kupika, akaisahau njia. Ndivyo walivyobaki.

Mimi nilimwona Roseline akiwa mtu mzima, kwenye shamba la mzee mmoja nilikoitwa kuangua. Wanawake walikuwa wanafua nazi kwa kifuo, ule mti uliochongwa ncha. Niliposhuka mnazi wa tatu, wenziwe wamefua thelathini, arubaini. Yeye alikuwa na lundo lililomfika kiunoni, na anaimba Kikrioli cha kwao. Nikamuuliza nani kamfunza. Akasema, "Mwingereza." Tukaoana mwaka wa tisini. Shehe akampa jina la Mwanarehema, mtaa ukaendelea kumwita Roseline. Ndoa ilifungwa na shehe mbele ya watu sitini, wakala pilau, wakashiba. Karatasi hatukuandikisha. Sikuona haja ya karatasi pale palipokuwa na pilau.

Kipande hakupata. Kipande ni kitambulisho, kwa nyinyi wa siku hizi. Dirisha la kwanza alilogonga lilimwambia yeye ni wa Shelisheli. La pili likasema la, huyu ni wa Morisi, maana visiwa vyao vilikuwa vikitawaliwa kutokea huko. La tatu likasema alikozaliwa ni kwa Mwingereza. La nne likamwambia kwa upole kabisa kwamba Mwingereza ameandika huko hakuna wenyeji, kwa hiyo yeye hakuzaliwa. Akarudi nyumbani akanipikia, kwa mtu ambaye hakuzaliwa akapika vizuri sana.

Alikufa mwaka wa 2022. Sitaitaja hospitali. Nitasema tu kwamba dawati la mbele lilitaka namba ya kitambulisho, na kwamba wallahi waliitafuta namba yake kwa bidii kuliko walivyoutafuta mshipa wake. Alifia benchini. Nikamzika Shika Adabu, na hata kibali cha kumzika kilitaka kujua alizaliwa wapi.

Hayo yote nilikuwa nikiyasema kila mahali. Kwenye maulidi, kwenye matanga, kinyozini. Watu wakiniona naja walikumbuka wana dawa ya kwenda kunywa. Sikujali. Nilikuwa na tarehe yangu na nilikuwa na wakosaji wangu, na mtu mwenye vitu viwili hivyo si maskini kabisa.

Tatizo lilibaki kwa Salha.

Salha ni binti yetu wa pekee, tuliyempata baada ya miaka kumi na minne ya kungoja. Alizaliwa nyumbani, kwa mkunga, mwaka wa 2004. Ana miaka ishirini na amejifunza kuendesha foklifti, lile gari lenye meno mawili la kubebea mizigo, na analiendesha kama anavyopita mtu na sinia la chai. Oktoba mwaka jana kiwanda kimoja cha Changamwe kikamtaka. Msimamizi wao, Clifford, alimtazama akipanga magunia nusu saa, akamwambia, "Wewe kazi unayo. Niletee kitambulisho Ijumaa. Ijumaa ikipita, dada yangu, nina majina mengine sita."

Kitambulisho hana. Cheti cha kuzaliwa anacho, lakini kwenye nafasi ya baba hakuna jina, kuna mstari wa alama za eksi. Kwa hiyo kwa mujibu wa serikali Salha ni wa mama peke yake, na mama yake ni yule ambaye hakuzaliwa. Mtu wa namna hiyo hupelekwa mbele ya wazee apigwe msasa, yaani aulizwe yeye ni nani mpaka asahau. Tukaitwa Jumanne.

Ofisi sitaitaja pia. Ni chumba chenye feni isiyozunguka na picha inayonyooshwa kila siku. Wazee walikuwa watatu. Mwenyekiti Mzee Abdulghani, kofia imepigwa pasi mpaka imekuwa kama mkebe. Bi Mwanasaumu, jirani yetu, mkoba mapajani. Na Mzee Ruwa, aliyetoka Kisauni baada ya kuoa huku, amelala kitini, mkongojo katikati ya magoti. Kwenye kompyuta yuko Kefa, kijana wa bara, mpole, shati limemzidi.

"Shikamooni," Salha akasema.

"Marahaba, mwanangu," akajibu Mzee Abdulghani. "Jina?"

"Salha."

"Salha wa nani?"

"Salha Matano."

Mzee akainua cheti mpaka kwenye mwanga. "Matano sijamwona hapa. Hapa naona seng'enge."

"Matano ndiye huyo aliyesimama kama kigingi," Bi Mwanasaumu akasema. "Nani asiyemjua? Keshaanguka kutoka minazi miwili ya marehemu mume wangu."

"Mmoja," nikasema. "Wa pili nilishuka haraka."

"Kumjua tunamjua sisi," Mzee Abdulghani akasema. "Cheti hakimjui. Tufuate upande wa mama. Binti, babu yako mzaa mama kazikwa wapi?"

Hilo ndilo swali lao kubwa. Huku kwetu mtu ni wa palipo na makaburi yake. Ukitaja kaburi na mwembe ulio karibu yake, umemaliza.

"Diego Garcia," Salha akajibu.

"Kaunti gani hiyo?"

Sasa hapo ndipo nilipopasubiri miaka yote. Nikavuta pumzi. Nikaanza Jumatatu tarehe nane Novemba 1965, nikarudi kwa Mreno, nikateremka na Mfaransa, nikapita Msumbiji na Bukini, nikawachorea unyayo wa kisiwa kwa kidole kwenye vumbi la meza. Nikawafungia mbwa bandani. Nikawapakia farasi. Bi Mwanasaumu akatoa kashata mkobani akaila yote. Mzee Ruwa akakoroma kidogo kisha akajisahihisha.

Kefa akawa anatazama simu. "Wazee, hii si hadithi," akasema. "Imetoka kwa habari Alhamisi iliyopita. Mwingereza amekubali kurudishia Morisi hivyo visiwa. Lakini hiki kikubwa, Diego Garcia, kambi inabaki. Miaka tisini na tisa."

"Anakirudisha," Mzee Abdulghani akasema polepole, "na anabaki nacho."

"Ndivyo imeandikwa."

"Basi kama mwambao wetu huu wakati wa Sultani. Bendera yake, na ushuru wa Mwingereza."

"Kama mkwe wangu na baiskeli yangu," akasema Mzee Ruwa, macho yamefumba. "Aliirudisha. Anaipanda."

"Na watu waliofukuzwa?" Bi Mwanasaumu akauliza. "Wanarudi?"

Kefa akapandisha kidole kwenye kioo, akakishusha. "Kwa hivyo vingine, wanasema inawezekana. Hapo penye kambi, hapana."

"Mnaona?" nikasema. "Mnaona wakubwa? Kuanzia siku ile ya Jumatatu, kila kilichomharibikia mtoto huyu..."

"Baba," Salha akasema.

"Naongea, mwanangu."

"Abee, naona. Ila tarehe yako siyo."

Nikamtazama. Hajawahi kunikata maneno mbele za watu.

"Haikuwa 1965," akasema. Hakuinua sauti, alikuwa anawaambia wazee, si mimi. "Ilikuwa Alhamisi, tarehe ishirini na tisa Julai, 2004. Mama alinieleza. Alinibeba kwa leso akaenda kuniandikisha. Karani akamwambia, hamna cheti cha ndoa, mwite baba mtoto aje atie saini, nitamwandika. Basi. Hakutaka kingine. Mama akarudi mpaka shambani. Baba alikuwa juu ya mnazi. Mama akasimama chini akamwita."

Feni ile isiyozunguka, natamani ingezunguka.

"Akamjibu akiwa huko huko juu," Salha akasema.

"Alijibuje?" Mzee Abdulghani akauliza.

Salha akanigeukia. Aliniachia mimi.

Naukumbuka hata mnazi wenyewe. Ulikuwa umeinama upande wa barabara, na nilikuwa nimekata dafu nanywa. Nilimwona Roseline chini, mdogo, mtoto kwenye leso, mkono mmoja amejikinga jua. Alisema yote, mara mbili. Nami nikajibu kwamba Matano haendi kumwapia karani kuwa mtoto wake ni wake. Mtaa mzima unajua. Nikasema kama serikali inataka kunijua, njia ya kuja kwangu inaijua. Nikaona nimejibu vizuri sana. Nikatupa dafu likaanguka karibu naye kuliko nilivyokusudia.

Akageuka. Alirudi ofisini peke yake, na kabla dirisha halijafungwa wakaijaza nafasi yangu kwa seng'enge.

"Ni kweli, Matano?" Mzee Abdulghani akauliza.

"Kweli."

Nadhani ndilo neno la kwanza nililowahi kusema ofisini bila kuliongezea kitu.

Bi Mwanasaumu akafunga mkoba, akaufungua tena. "Basi aape leo," akasema. "Kachelewa miaka ishirini, lakini serikali gani itamcheka mtu kwa kuchelewa?"

Nikaapa. Kefa akaleta fomu, nikatia saini mahali alipoweka kidole, kisha mahali pengine, na mkono wangu uliozoea panga ukaitoboa karatasi. Mzee Abdulghani akataka ushahidi kwamba mtoto amezaliwa hapa. Mkunga alishafariki.

"Kitovu chake kiko wapi?" Bi Mwanasaumu akauliza.

"Nyuma ya nyumba," nikasema. "Roseline alikizika mwenyewe, akapanda mche wa mnazi juu yake."

"Ule ulio karibu na choo? Mrefu, umepinda kidogo?"

"Ndio huo."

"Mwenyekiti, andika," akasema. "Ule mnazi nimeuona ukiwa na majani mawili. Nazi zake nazipikia wali. Mtoto ni wa hapa, na nazi zake zina tui zito."

Mzee Abdulghani akaandika. Akapiga muhuri. Nikamwona Salha anatazama ule wino kama mtu anayetazama maji yanayokaribia kuchemka. Leo Jumanne. Kefa akasema akituma saa hiyo, kuna rafiki yake atakayeisukuma, Ijumaa asubuhi itakuwa imefika barua ya kumtosha Clifford. Akapiga vitufe. Akapiga tena.

"Kuna sanduku moja halijajazwa," akasema. "Nchi alikozaliwa mama."

"Acha wazi," nikasema.

"Sistimu haikubali wazi."

"Andika Chagos."

"Iko na orodha yake, mzee. Lazima nichague kutoka hapa." Akageuza kioo tuone. Nchi zote za dunia zimejipanga, hata zile za barafu. "Nikichagua Shelisheli, itataka barua yao. Morisi, barua yao. Uingereza, barua yao." Akakuna shingo, akateremsha sauti. "Sasa mzee wangu, tusisumbuane. Mama ameshatangulia. Tupige Kenya, Mombasa, tumalize hii kitu. Nani atauliza?"

Mzee Abdulghani akawa anatazama picha ya ukutani. Alikuwa hasikii. Mzee mzuri, hujua wakati wa kutosikia.

Na mimi, Matano, niliyewakimbiza watu kinyozini kwa visiwa, niliyeapa kaburini kwa Roseline kwamba jina la kwao halitafutwa nikiwa hai, nilimtazama Salha na magunia yake ya Changamwe, nikasema, "Piga Mombasa."

"Usipige," Salha akasema.

"Salha. Ijumaa."

"Najua Ijumaa."

"Kefa anatusaidia."

"Najua, na ahsante, kaka Kefa. Lakini Mama alifia benchini wakimtafutia namba. Walishamtoa kule mara moja, akiwa mtoto. Leo tukimtoa tena, tumemtoa sisi."

"Ni sanduku tu hilo," nikamwambia. Mimi ndiye niliyesema hivyo.

"Na lile la 2004 lilikuwa nini?"

Niliwalaumu wakubwa maisha yangu yote, na nawalaumu bado, wanastahili. Lakini wao walihitaji meli, malkia na Mmarekani ili wamwondoe Roseline mahali pake. Mimi nilihitaji dafu tu.

Kefa akashuka mpaka mwisho wa orodha ambako kuna neno Nyingine, akalichagua, akaandika kwa herufi kubwa: DIEGO GARCIA, VISIWA VYA CHAGOS. Kioo kikawa chekundu. "Imeenda Nairobi," akasema. "Kwa ukaguzi wa mkono."

"Mkono wa nani?" Bi Mwanasaumu akauliza.

"Hapo ndipo hata mimi sijui, mama."

Tulikuwa tunainuka. Mzee Ruwa alikuwa anautafuta mkongojo wake, nao ulikuwa mkononi mwake. Akamgeukia Salha.

"Mjukuu wangu. Na mama yako, kitovu chake? Kilizikwa?"

"Kilizikwa, babu. Alisema kiko karibu na kanisa, na bibi alikipandia mnazi."

"Ahaa. Basi mnazi uko."

"Labda Wamarekani wameukata."

"Kwa kauli ya nani?"

Tuliona ni mzaha. Lakini Mzee Ruwa alikuwa amekaa tena, na kwa mara ya kwanza siku hiyo macho yake yote mawili yalikuwa wazi. Yeye ana minazi arubaini kule Kisauni kwenye shamba la mtu. Shamba limeuzwa mara tatu. Kila mnunuzi huja na kigari kizuri na hati nzuri, na kila mnunuzi huambiwa na majirani: ardhi ni yako, bwana, hongera, ila hii minazi ni ya Ruwa. Na Ruwa hupeleka mkwezi wake, anaangua, anaondoka. Mimi nimemwangulia. Ndivyo ilivyo mwambao wote, udongo una mwenyewe na mti una mwenyewe, na aliyepanda hapotezi mti kwa sababu wakubwa wameuziana chini yake.

"Nimemsikia Matano hapa mchana kutwa," akasema.

"Tulidhani umelala," Bi Mwanasaumu akasema.

"Nilale kwa sauti ile? Nimesikia. Mreno, Mfaransa, Mwingereza, Mmarekani, sasa Morisi. Wote wanagombea ardhi. Sawa, wagombee, wapeane, wakodishane miaka mia kasoro mmoja. Mimi sijauliza ardhi. Nimeuliza minazi. Hakuna hata mmoja wao aliyepanda."

Kefa akasema, kwa heshima, "Mzee, hilo niliandike kwenye faili?"

"Kwani wewe umewekwa hapo ufanye nini?"

Kefa akaketi akaliandika, chini ya muhuri, kwenye nafasi ya maelezo ya ziada. Likaenda Nairobi pamoja na lile sanduku jekundu.

Ijumaa ilikuja ikapita, haikuwa na haraka wala haikuchelewa. Clifford alichukua jina la pili, kijana wa Junda aitwaye Lenox, na Salha akampigia simu kumpongeza, jambo ambalo mimi nisingelifanya. Sasa yuko duka la vifaa vya ujenzi hapa karibu, anabeba kwa mikono alichosomea kubeba kwa mashine. Jioni akirudi hunisalimu, hunipakulia, na hatuitaji tarehe yoyote. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba anaufagilia chini ule mnazi wake. Nikachukua ufagio wa pili.

Mwezi wa Mei mwaka huu wakubwa walitia saini yao kweli. Kefa alinionyesha picha kwenye simu. Mabwana wengine, suti zile zile.

Na wiki iliyopita majibu yetu yalishuka kutoka Nairobi. Ni karatasi moja, ina mstari mmoja: "Tafadhali taja nchi." Wanamuuliza Salha jambo ambalo mataifa yameligombania tangu kabla mama yake hajazaliwa, na wamempa siku ishirini na moja. Tutawajibu vile vile tulivyowajibu kwanza.

Lakini nimeigeuza karatasi ile mbele na nyuma, nikampa Salha aisome, nikampa Bi Mwanasaumu aliyevaa miwani kabisa. Swali la Mzee Ruwa hawakuligusa. Basi kwa kuwa nyinyi mmesoma kuliko mimi, na huenda mmoja wenu ana ndugu kwenye ofisi zenye feni zinazozunguka, naliuliza tena hapa: ule mnazi wa karibu na kanisa, uliopandwa na mama juu ya kitovu cha mwanawe, kama leo bado umesimama ndani ya ua wa kambi na nazi zake zinaanguka, ni wa nani?